Senti za Jumanne

Deni lilikuwa shilingi 1,740,000, na mwenye duka hakunipandishia sauti hata siku moja. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtu akikufokea unapata pa kujitetea. Huyu kila nikipita Newala mjini alinivutia kiti, akaniagizia chai ya tangawizi, akauliza hali ya mama na hali ya kanisa, kisha kwa upole uleule: "Na ule mzigo wetu, dada?" Ni Mwislamu, amekwenda Makka, anauza vifaa vya ujenzi. Bati zake 62 zilikuwa juu ya vichwa vyetu kila Jumapili tukiomba tusamehewe deni zetu.

Nilizaliwa hapa kusini mwa Tanzania, juu ya uwanda wa Makonde, katika kijiji kilicho kati ya Kitangari na Newala. Nikaondoka ningali msichana, nikakaa Mbagala, Dar es Salaam, miaka kumi na saba nikishona nguo. Watu wa kusini tumejaa Mbagala. Basi la kwetu likifika Rangi Tatu mtu anashuka, anasikia lafudhi ya nyumbani, haendi mbele tena. Nilibatizwa Uanglikana utotoni, lakini ibada niliiacha njiani. Mume wangu alipofariki, jirani mmoja, mama wa Mbeya, alikuja na wenzake wanne wa kanisa lake la Methodisti. Hawakuhubiri. Walichota maji, wakaosha masufuria ya msibani, na matanga yalipoanuliwa wakaendelea kuja kila wiki, siku ileile, saa ileile, kana kwamba wananidai. Nikawafuata. Huo ndio wongofu wangu wote, hauna radi wala sauti kutoka mawinguni.

Mwaka 2012 nilirudi kijijini. Mama alikuwa ameishiwa nguvu na mikorosho yake imemezwa na majani. Nilirudi na cherehani, masanduku mawili, na ile kadi ya ushirika wa kanisa ambayo hapa haikuwa na kazi, kwa kuwa Mmethodisti wa karibu nisingemfikia kwa miguu.

Ukristo kwetu si mgeni. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaleta Masasi watu waliotolewa utumwani, na baada ya muda mfupi wamisionari wa UMCA, shirika la misioni la Kianglikana, walikuwa wamepanda hadi Newala. Wabenediktini, watawa Wakatoliki, wako Ndanda tangu 1906. Na Waislamu ndio wengi, tangu zamani. Kwa hiyo ukija na jina jipya la kanisa, watu wana haki ya kukuuliza unaleta kipi kisichokuwepo. "Methodisti ndiyo nini, Wasabato?" "Mnakula nguruwe?" Mzee mmoja alinisikiliza kwa adabu nikimweleza habari za John Wesley, kasisi wa Kianglikana wa Uingereza, aliyetoka kuhubiri uwanjani mwaka 1739 baada ya makanisa mengi kumfungia milango. Nilipomaliza akasema, "Basi na ninyi ni Waanglikana mliokosana nyumbani." Hadi leo sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Tulianza watu saba chini ya mwembe wa mama, na watatu kati ya hao walikuwa watoto wa ndugu zangu waliokuja kwa sababu baada ya ibada kulikuwa na vitumbua. Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi kutoka Masasi kwa bodaboda, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Wiki nyingine zote niliongoza mimi. Watu wakaniita Mama Mchungaji, nami nikawa nawasahihisha: mimi ni mhubiri wa mahali tu, siwezi kubatiza wala kuadhimisha meza ya Bwana. Hawakuelewa tofauti, na kusema kweli hawakuihitaji.

Kuhusu meza ya Bwana, nina la kuungama. Wamethodisti wengi hutumia maji ya zabibu yasiyochacha. Zabibu ni za Dodoma, na Dodoma ni mbali. Mara ya kwanza nikachemsha choya, nyekundu ya kupendeza, nikaona nimeokoa jahazi. Mchungaji alionja, akanitazama, akasema sukari imezidi. Mwezi uliofuata alikuja na chupa yake.

Kiwanja alitupa mjomba, kaka yake mama, tumbo moja. Mjomba alikuwa Mwislamu. Kwetu ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na dini tatu na chungu kimoja. Alinipeleka shambani jioni, akanionyesha kwa fimbo: kuanzia mkorosho huu hadi kile kichuguu. Nikamshukuru, nikapiga magoti, nikaenda kulala. Sikuandika kitu. Mjomba alipofariki ndipo nilipojifunza nilichopaswa kukijua tangu kuzaliwa, maana mimi ni Mmakonde na najua mali ya mjomba inakwenda wapi: kwa wapwa. Wapwa tulikuwa tisa. Wanane hawakuulizwa. Halafu ndani ya kile kiwanja mlikuwa na mikorosho miwili ambayo binti wa mama mdogo alikuwa ameiweka rehani kwa mtu wa kijiji cha pili. Ardhi ya mmoja, miti ya mwingine, mazao ya wa tatu, na mimi nimesimama katikati na Biblia.

Tulikaa vikao vinne. Tuliikomboa ile mikorosho kutoka rehani, tukamlipa mwenyewe fidia ya miti, kila mpwa akaweka dole gumba kwenye karatasi, na suala likapelekwa serikali ya kijiji lijadiliwe na kuandikwa kwenye muhtasari, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka. Yote hayo yangechukua wiki moja kama ningeyafanya mjomba akiwa hai, anakunywa chai, anawaambia wapwa zake kwa mdomo wake.

Halafu ukaja msimu wa korosho wa 2017. Asiyekuwepo kusini mwaka ule hawezi kuelewa. Bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Vijana walinunua pikipiki, wazee walinunua magodoro, kuna jamaa alinunua friji na kijijini hakuna umeme. Kanisani tulifika sitini. Sijui hata walitoka wapi. Nami nikafanya lile ambalo kila mtu angefanya: nikasema tujenge.

Tukafanya harambee ya ahadi. Fulani laki mbili, fulani laki moja na nusu, fulani mifuko kumi ya saruji, vyote vya kulipwa msimu unaofuata. Niliandika kwenye daftari, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nikawa nasoma majina na ahadi mbele ya kanisa zima ili watu wasisahau. Nilidhani ni uwazi. Ukuta wa matofali ya kuchoma ukasimama, na kwa ajili ya kuezeka nikaenda kukopa kwa hajji, nikaweka jina langu mwenyewe. Msimu uko mlangoni, nikamwambia. Akasema, "Inshallah." Nilifikiri ananikubalia, sasa nadhani alikuwa ananionya.

Oktoba 2018 bei ilianguka, wakulima wakakataa kuuza kwa bei ile. Novemba Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Tulishangilia, mimi nilishangilia zaidi ya wote. Ila kati ya korosho kutoka ghalani na pesa kuingia mfukoni kulikuwa na uhakiki, foleni na miezi. Wengine walilipwa mapema, wengine walisubiri hadi mikorosho ilipoanza kutoa majani mapya. Wale waliokuwa wamekwisha kuuza kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada, debe kwa debe, ili wapate unga, hao hawakuwa na cha kusubiri.

Ahadi zikafa. Na waumini wakaondoka nazo. Hili lilinichukua muda kulitambua. Nilidhani wamerudi nyuma kiroho, nikahubiri juu ya mbegu iliyoanguka kwenye miamba, nikahubiri kwa ukali. Kumbe yule wa laki mbili hakuja kwa sababu Jumapili ya kwanza ya mwezi jina lake lingesomwa. Mke wake hakuja kwa sababu mumewe haji. Watoto hawakuja kwa sababu mama haji. Pasaka ya 2019 tulikuwa watu 24 ndani ya jengo la kuingiza mia mbili, na sauti za nyimbo zilikuwa zinagonga bati na kuturudia.

Mchungaji alinikuta siku hiyo nimekaa kwenye kizingiti. Hakunipa pole. Aliniuliza kama najua madarasa ya Kimethodisti yalianzaje. Nikasema yalianza ili watu wajifunze Biblia. Akacheka.

Alivyonisimulia ni hivi. Mwaka 1742, mji wa Bristol, Uingereza, wafuasi wa Wesley walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Jengo hilo bado lipo. Wakakaa kikao: tulilipeje? Mmoja wao, kapteni wa jina la Foy, akasema kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akapinga kwamba wengi ni maskini, hata peni hawana. Foy akajibu: nipeni watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawapitia kila wiki, na asiyeweza nitamlipia mimi. Wakagawana hivyo, kumi na mbili kumi na mbili. Wale viongozi walipoanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya peni, wakarudi na habari ambazo hakuna aliyezitarajia: huyu anagombana na mkewe, huyu mlevi, yule mgonjwa na hakuna anayejua. Wesley aliposikia akaona kile alichokuwa akikitafuta siku nyingi. Peni iliwafungulia milango.

Nilinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nakumbuka masufuria ya msibani Mbagala. Mimi mwenyewe nililetwa kanisani na watu waliokuja kila wiki siku ileile, na katika miaka saba ya kuongoza kanisa sikuwa nimemtembelea mtu yeyote kwa namna hiyo. Nilikuwa nawasubiri waje.

Jumapili iliyofuata nilichana kurasa za ahadi mbele ya wote 24. Tukagawana madarasa mawili, watu kumi na wawili kila moja, shilingi mia tano kwa wiki, na asiyekuwa nayo analipiwa na kiongozi bila kutajwa. La kwangu lilikuwa Jumanne, la pili Alhamisi. Majirani Waislamu walitutania: "Kumbe nanyi mna darsa?" Tukasema tunayo.

Jumanne ya kwanza nilikwenda kwa yule wa laki mbili, ingawa hakuwa kwenye orodha yangu. Ni kijana wa kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, anakodishwa pamoja na mashine yake kuanzia Juni. Nilipopiga hodi nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Mkewe akaniambia hayupo, na wakati anasema nikaona kandambili zake zimeachwa kibarazani. Nikakaa. Nikaongea na mke habari za mtoto, za homa, za maji yaliyopanda bei. Baada ya saa nzima jamaa akatokea upande wa chooni, jasho linamtoka. Nikamwambia daftari nimelichana, nimekuja kuwaamkia tu. Hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na sahani ya ming'oko, viazi vya porini, iliyochemshwa, tukala watu watatu kimya. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani ni machozi, kumbe ni salfa, anapuliza bila miwani wala kitambaa. Miwani ya kazi ndiyo kitu cha kwanza darasa letu lilikinunua, kabla hata ya kupeleka senti moja kwa hajji. Mtunza hazina alinuna.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mama mmoja ambaye korosho yake ilikuwa imekwisha kuuzwa ingali maua. Alikuwa haji ibadani kwa sababu kanga yake ya kutokea ilikuwa moja na alikuwa amemwazima binti yake aliyekwenda kliniki. Miaka yote nilikuwa namhesabia utoro.

Jumanne zilikwenda hivyo. Sitawadanganya kwamba zote zilikuwa na baraka. Nyingine nilikuta watu wamechoka, nikapewa mia tano mlangoni nikaaga. Wakati wa mavuno watu huhamia mashambani, na kumfuata mtu kwenye kibanda chake jua la Oktoba si mchezo. Alhamisi moja mwenzangu wa darasa la pili alifukuzwa na mbwa, na mume mmoja alinituhumu kwamba naenda kwake kumfundisha mkewe kiburi. Yawezekana hakukosea kabisa.

Aliyenifundisha kutembelea hasa ni bibi mmoja ambaye kanisani hakuwa anakuja. Alikuwa nyakanga, yaani kungwi mkuu, wasichana wa kijiji hiki wa rika tatu wamepita mikononi mwake katika unyago, nami nikiwamo. Nilikuwa naenda kwa mjukuu wake, mshirika wetu. Bibi akaniona nakaa pembeni ya kigoda nusu nusu, kama mtu wa kuondoka. "Mwanangu," akasema, "ukija kwa mtu, keti. Anayekaa nusu anatafuta kitu." Tangu siku hiyo nakaa. Siku ya tatu naye akatoa mia tano. Nikamwambia, bibi, hili ni deni la kanisa, wewe si mshirika. Akasema yeye analipia kiti.

Huyuhuyu bibi ndiye aliyetutoa kwenye ugomvi wa unyago. Baadhi ya vijana wetu, waliotoka kwenye mikutano ya mjini, walitaka tutangaze kwamba msichana akichezwa unyago anatengwa. Akina mama wakakunja uso, wakaacha kuimba. Bibi alipopata habari alicheka hadi akakohoa. Akasema mambo hayo Waanglikana wa Masasi waliyamaliza kabla yeye hajazaliwa. Ni kweli: Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alikaa na wazee wakatengeneza jando na unyago wa Kikristo, wakaacha yasiyofaa wakabakiza mafunzo. Tukamwomba bibi atuelezee yale yanayoelezeka. Tukakubaliana mambo matatu, moja likiwa binti asikose shule kwa sababu ya ngoma, na mambo mengine tukayaacha mikononi mwa wenyewe. Wawili kati ya wale vijana waliondoka. Mmoja amerudi.

Katika kutembea ndipo tulipoona pia kwamba kila nyumba ina malalamiko yaleyale: maji. Aliyezaliwa bondeni hajui shida ya uwanda huu. Mchanga unameza mvua yote, na chemchemi ziko chini kwenye miteremko. Mama zetu walishuka usiku wa manane na kupanda na ndoo kichwani alfajiri. Mwenye bati huchimba kisima cha saruji kando ya nyumba akavuna mvua. Mwenye nyasi hununua kwa mwenye bati. Nasi tulikuwa na bati 62 zisizolipiwa, kubwa kuliko za mtu yeyote kijijini, na kila masika maji yake yalimomonyoa msingi wetu na kupotea.

Mwaka 2020 tulichimba, wanaume zamu kwa zamu, wa dini zote. Saruji hatukuwa nayo na niliapa sikopi tena. Nilikuwa Newala nikipeleka rejesho la mwezi, nikamtajia hajji kwa mazungumzo tu. Wiki iliyofuata gari lilishusha mifuko kumi na tano. Nikampigia simu kwa hofu, nikamwuliza imeandikwa wapi. "Haijaandikwa," akasema. "Maji ni sadaka. Deni la bati liko palepale, dada, usichanganye." Desemba mvua ikanyesha, kisima kikajaa hadi shingoni. Tuliweka bei moja kwa wote, ya chini kuliko ya wauzaji, na wagonjwa na wajane bure. Ijumaa wanaokwenda msikitini ndio wanaochota kwanza.

Deni liliisha Novemba 2021, baada ya mjadala mdogo kwa sababu hajji aliandika pungufu ya elfu nne na mtunza hazina wetu akasisitiza alipwe zote. Tulikuwa washirika zaidi ya sabini wakati huo, madarasa sita, na kule kwenye kitongoji cha mbele yule kijana wa salfa alikuwa ameanzisha ibada kibarazani kwake. Jumapili nikatangaza: deni limekwisha, michango ya kila wiki imekoma, tumshukuru Mungu. Watu walipiga vigelegele.

Jumanne nikabaki nyumbani. Nilikuwa na magauni mawili ya harusi ya kushona, na miguu yangu ilikuwa inaniuma. Nikashona hadi jua likazama. Magharibi ilipokwisha kuadhiniwa nikasikia hodi ya mtoto. Alikuwa kitukuu wa bibi nyakanga, ameshika mia tano kiganjani, imelowa jasho.

"Shikamoo. Bibi anauliza unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi, mwanangu."

Akasimama tu, ananitazama, anasubiri jibu la kupeleka. Nikazima taa ya cherehani, nikatafuta kandambili zangu gizani, tukaondoka naye.